Nyuzi Thelathini na Nane

Tuliipima gereji, Majengo, Jumatatu isiyo na wateja.
Mimi nilishika usukani, Elinami akaivuta ubavuni
taratibu, kama anayemlaza mgonjwa,
hadi kile chuma kidogo chini ya kikanyagio,
kifupi kama ukucha wa dole gumba,
kikagusa sakafu:
ti.

Mkunde, wa darasa la sita, akaleta kipimapembe chake,
uzi wa kushonea, na nati ya namba kumi iwe timazi.
Akafumba jicho moja.
Thelathini na nane, akasema.
Elinami akaandika ukutani kwa chaki,
chini ya simu ya muuza oili.

Hiyo ni ikiwa tupu, nikamwambia.
Tukaning'iniza yale masanduku mawili ya bati,
bado yana vibandiko vya mipaka minane
aliyovuka mgeni aliyetuuzia.
Tukajaza tangi. Kwenye siti tukaketisha
mifuko mitatu ya saruji ya jirani,
abiria wasiopumua wala kulalamika,
tukafunga kamba kwenye boriti, tukashusha.
Springi zikaguna.
Thelathini na mbili.
Hii sikutaka iandikwe.

Kwa hiyo mpira unaweza zaidi, akasema Elinami.
Mpira unaweza zaidi.
Kinachotangulia kugusa ni kile ulichobeba.

Akachuchumaa, akalisoma tairi la nyuma.
Kushoto limelika hadi ukingoni.
Kulia vimebaki vidole viwili vya mpira mpya,
vinyweleo vyake bado vimesimama.
Kumbe yule mtu amevuka mipaka minane
akiogopa kona za kulia.
Hatukumcheka.
Mimi langu sijawahi kulionyesha mtu.

Vijana wa stendi husema kulala kona.
Hakuna anayelala pale.
Unatazama mbali, pale barabara inapopotelea kwenye migomba,
na pikipiki inakwenda unakotazama;
ukitazama mtaro, utaupata mtaro.

Jumapili nikampakia mama, Himo hadi Mwika.
Kitenge kimefungwa barabara, mkoba mapajani,
mgongo wima kama yuko benchi la mbele kanisani.
Nikiinama kushoto, yeye kulia.
Nikiinama kulia, yeye kushoto,
kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.
Mama, inama na mimi.
Nimekuzaa, nisikuzike, akasema, akazidi kunyooka.

Juu ya Marangu, baada ya daraja,
mfongo ulikuwa umefurika,
maji membamba yamekatiza lami, yanang'aa.
Kona ya kulia.
Niliona maji nikiwa tayari nimeshaingia.
Sikugusa breki. Sikuachia mafuta.
Niliiinamisha kabla ya maji, mapema, kwenye lami kavu,
ili nikifika yalipo niwe nimeshaanza kuinuka,
na hapo kile chuma kikazungumza,
kwaruuu, chini ya mguu wangu wa kulia,
mkwaruzo mrefu uliopanda hadi gotini.

Tukatoka. Tairi la nyuma likateleza kidogo,
kama mtu aliyekanyaga ganda, akajikaza.

Nini hicho? akauliza mama.
Mwisho, mama. Ndio mwisho wake ule.
Akanyamaza mpaka tukapita mashamba mawili ya kahawa.
Kumbe mwisho una sauti, akasema.
Si ungeniambia mapema.

Kona iliyofuata nikasikia kidevu chake
begani kwangu, upande wa ndani.
Anachungulia barabara. Uzito wake ukaja pamoja na wangu,
na pikipiki, sijui niseme vipi,
ikapungua kilo.

Mwika alinunua mkungu wa mshare.
Ukakataa kuingia sandukuni, tukaufunga kushoto kwa mpira wa tyubu,
na hesabu zote zikaanza upya.